Kuilaza Jawa ya Olda

Horní Jasanka, Nyumba Na. 47,
Karibu na Žďár.
Jumapili, 6 Desemba 1998

Mpendwa wifi yangu Květa,

Nakusalimu kutoka jikoni hapa pa mama yenu, moto ukiwa unawaka na theluji ikiwa imepanda hadi kwenye dirisha la ghala la viazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lililokutesa wakati wa Pasaka limeshatulia. Shemeji Evžen hajambo? Na Helena na watoto? Najua kwenu Adelaide sasa ni joto la kukaa kivulini, nami huku nimevaa soksi mbili mbili. Ukinitumia joto hilo kidogo kwenye bahasha sitalikataa.

Mimi sijambo kwa mtu wa miaka sitini na mitatu. Mgongo unalalamika nikibeba kuni, lakini haujaninyima usingizi. Binti yetu Radana bado anafundisha hesabu Brno, na huja kila Jumapili ya pili akiwa na mfuko wa madaftari ya kusahihisha. Plamu zilizaa sana mwaka huu, hata tawi moja la mti ule wa karibu na kisima likavunjika. Nimekausha nyingi na nyingine nimepika jemu. Vendelín jirani yetu amechukua ndoo nne za kutengenezea pombe. Anadai ni dawa ya kifua.

Utakuwa umejiuliza kwa nini tangu Juni hujapata barua, na kwa nini leo ninayeandika ni mimi, si kaka yako. Nimeianza barua hii mara tatu nikaichana. Leo naiandika hadi mwisho, hata ikitoka vibaya.

Olda anaumwa, Květa. Moyo wake ni mzima, na mapafu daktari anasema ni ya kijana. Kinachoumwa ni kichwa. Anasahau.

Kwanza tulicheka. Msimu wa baridi uliopita alitia viatu vyake ndani ya oveni, nami nikamwambia nikipika tena supu ya ngozi atanifukuza. Akacheka naye. Halafu akaanza kuniuliza mama yuko wapi. Nilipomwambia mama amefariki miaka ishirini na mbili iliyopita, alilia kama ndiyo kwanza anapata habari. Tangu siku hiyo namjibu kwamba mama ameenda kanisani.

Mwezi Mei aliondoka na pikipiki kwenda kununua mkate. Unaifahamu ile Jawa nyekundu, ndiyo aliyokupakia ulipokuja mwaka tisini na moja, mkaenda makaburini, nawe ukarudi na nywele zimesimama kama ufagio. Duka liko kilomita mbili. Saa tisa mchana alikuwa hajarudi. Tulimpata Svitavy, wifi yangu, kilomita arobaini na tano, amekaa kando ya barabara, tangi limekauka, kofia yake ya pikipiki ameipakata. Alikuwa anamuuliza kila mpita njia kama zamu ya pili kiwandani imeshaanza. Na kiwandani amestaafu miaka sita sasa.

Vendelín alikwenda kumchukua kwa gari na tela. Walipofika hapa alishuka akaniambia, "Wamehamisha barabara. Watu hawa hawana adabu, wanahamisha barabara bila kumwambia mtu."

Daktari wa Brno alituonyesha picha za kichwa chake. Sikuelewa picha, nilimwelewa uso. Alisema hakuna dawa ya kurudisha kilichokwenda, na kuendesha ni marufuku kabisa. Kwa hiyo nikauchukua ufunguo.

Majira hayo ya kiangazi sitaki kuyakumbuka, lakini wewe ni damu yake, lazima nikwambie. Kila asubuhi aliutafuta ufunguo. Alifungua makabati, alimwaga unga, alipekua kitanda. Nilimdanganya kwamba pikipiki inasubiri kipuri kutoka Praha. Siku moja mwezi Julai alinibana kwenye mlango wa ghala akasema, "Mwizi wewe. Nimekulisha miaka yote hii, kumbe nimefuga mwizi." Aliinua mkono. Hakunipiga, Květa. Mkono ulibaki hewani, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akauweka mfukoni. Mimi nilikwenda bustanini nikang'oa karoti ambazo hazijakomaa, mstari mzima, ili nisisimame bure.

Nilichotaka hasa kukueleza ni cha Novemba.

Unajua desturi yake. Jumamosi ya kwanza baada ya siku ya kuwasha mishumaa makaburini ndiyo siku ya kuilaza pikipiki hadi theluji iyeyuke. Miaka arobaini na minne hajaikosa hata mara moja. Hata mwaka niliofanyiwa upasuaji wa nyongo, aliilaza asubuhi ndipo akaja hospitali, mikono ikinuka petroli, muuguzi akamrudisha akaoge.

Mwaka huu sikumkumbusha. Nilifikiri siku itapita bila yeye kuijua, nami nitaomba tu Vendelín aifunike. Asubuhi ya tarehe saba kulikuwa na sakitu, nyasi zote nyeupe. Ninashuka jikoni, namkuta Olda amevaa ile ovaroli yake ya bluu, amejifunga mkanda, amechana nywele.

"Bohunka," akasema, "baridi imeingia. Twende tukailaze."

Kwa wiki tatu alikuwa hajaniita kwa jina.

Nikamfuata bandani. Květa, mikono yake ilikuwa haijasahau kitu. Alifungua kabati la zana bila kutazama, akachukua spana, akazipanga juu ya tambara kutoka kubwa hadi ndogo. Aliiosha magurudumu, akaifuta, akaisukuma taratibu hadi juu ya stendi yake kubwa. Kisha akanigeukia.

"Ufunguo."

Mafuta ya gia hayatoki yote yakiwa baridi. Lazima injini iwake kwanza, ipate joto. Mimi najua, miaka yote hiyo nimekuwa nikimshikia taa. Lakini ufunguo ulikuwa umeshonewa ndani ya mfuko wa aproni yangu, na banda lina mlango mpana, na barabara ya Svitavy iko palepale. Nilisimama. Nilifikiri nikimnyima tutarudi Julai, na nikimpa labda simwoni tena. Nikaukata uzi kwa meno, nikampa. Kisha nikaenda kusimama katikati ya mlango, kama ng'ombe.

Akanitazama. "Unafanya nini hapo?"

"Naota jua."

"Jua gani? Njoo huku ushike taa. Na uishike kama taa, usiishike kama mshumaa wa maiti."

Aliipiga kiki mara mbili, ikaguruma. Akainamisha kichwa akaisikiliza, jicho moja amelifumba, kama anavyosikiliza kwaya ya kanisa akimtafuta anayeimba vibaya. Ilipopata joto alifunga bomba la petroli, akaiacha iendelee kunguruma hadi ikamaliza kilichobaki kwenye kabureta, ikakohoa, ikazima yenyewe. Halafu akauchomoa ufunguo, akaja hadi niliposimama, akautia mwenyewe kwenye mfuko wa aproni yangu.

"Uweke wewe," akasema. "Mimi siku hizi napoteza vitu."

Nikamwambia moshi umeniingia machoni.

Alimwaga mafuta machafu, akatia mapya. Alizifungua plagi zote mbili, akatia kijiko cha oili katika kila tundu, akaisukuma kiki kwa mkono polepole ili oili isambae. Alisafisha mnyororo, akaupaka grisi. Tangi alilijaza hadi juu kabisa, akanifundisha kama kila mwaka kwamba tangi likibaki nusu linashika kutu kwa ndani. Akaziba mabomba ya moshi kwa matambara dhidi ya panya. Betri niliibeba mimi hadi kwenye chumba cha chakula, ikae na jemu isigande. Mwisho tukaifunika kwa lile shuka la maua la mama, kwa sababu nailoni inashika unyevu. Tukanywa chai yenye ramu tukiwa tumekaa kwenye masanduku. Alizungumza. Alinisimulia jinsi alivyoinunua, na jinsi alivyokuja nayo kwetu kunionyesha, baba akatoka akakagua matairi na wala hakumsalimu. Yote sawasawa, majina na tarehe. Saa tatu nzima nilikuwa na mume wangu, Květa.

Kesho yake, Jumapili, nashuka jikoni. Ovaroli. Mkanda. Nywele zimechanwa.

"Bohunka, baridi imeingia. Twende tukailaze."

Nilitaka kumwambia tumeshailaza. Nikamtazama uso, ulikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kazini. Nikaitoa betri kwenye jemu.

Na Jumatatu. Na Jumanne. Kila asubuhi tuliivua shuka, tukaiwasha, tukaizima, tukamwaga mafuta. Yalikuwa mapya, safi kama asali. Niliyapokea kwenye karai, na akigeuka nilimpa yaleyale kwenye kopo. Kwa kuwa silinda zilikuwa na oili ya jana yake, moshi ulitoka mweupe mzito, ukajaza ua wote, na Bi Tesařová wa ng'ambo ya barabara akadhani tunaungua.

Vendelín alikuja siku ya tano. Alisimama mlangoni akiwa na sigara nyuma ya sikio.

"Olda, mzee mwenzangu, hiyo pikipiki imeoga mara nyingi kuliko mimi mwaka huu."

"Hilo tunalinusa," Olda akamjibu, bila kuinua kichwa. "Sogea, unanizibia mwanga."

Tulicheka sote watatu. Lakini baadaye Vendelín alinivuta kando ya rundo la kuni. "Shemeji, hadi lini? Mnaimaliza mashine, na wewe unajimaliza. Kuna mtu Jihlava anaitaka. Iuze, aione haipo, atasahau."

"Na asubuhi atafanya nini?"

"Atalala kama wastaafu wengine."

"Vendelín, asubuhi ndiyo saa anayonijua."

Alichukua ile sigara nyuma ya sikio, akaivunja vipande viwili, akaenda zake. Radana naye alisema vilevile kwa simu, kwamba mama unajitesa, mama uza. Nilimkatia simu mwanangu mwenyewe. Nilimpigia tena baadaye kumwomba radhi, lakini sikukubali kuuza.

Zilikuwa asubuhi kumi na sita kwa jumla. Sasa naona kila asubuhi alikuwa anapungua kidogo, wakati ule sikutaka kuona. Alianza kuzipanga spana bila mpangilio. Siku moja aliusafisha mnyororo upande uleule mara nne. Siku nyingine aliniita Květa.

Tarehe ishirini na mbili aliirudisha plagi ya kushoto ikaingia kombo. Kitu ambacho tangu nimemjua hajawahi kukifanya. Nilisikia sauti ya chuma ikisaga chuma, nikamwambia, "Olda, ngoja." Hakungoja, alikaza kwa nguvu zote na ile spana ndefu, na mistari ya hesi inayoishika plagi ndani ya tundu ikasagika. Plagi ikabaki inacheza kama jino bovu. Akaitoa. Vipande vyembamba vya alumini vilikuwa vimeng'ang'ania pale mwishoni, vinametameta.

Alijua. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Ugonjwa umemfutia mama yake na kiwanda na barabara ya mkate, lakini hilo alilijua papo hapo. Alikaa kwenye sanduku, plagi kiganjani.

"Bohunka," akasema, "nimeiharibu."

"Vendelín ataitengeneza."

"Nimeiharibu mimi mwenyewe. Kwa mikono hii."

Alinipa mikono yote miwili niitazame, kama mtoto anayeonyesha kwamba hajaficha kitu. Nikaishika. Ilikuwa ya baridi sana na yenye grisi. Tulikaa hivyo mpaka dirisha la banda likajaa ukungu wa pumzi zetu.

Kesho yake hakuvaa ovaroli. Wala keshokutwa. Nilishuka mapema, nikawasha moto, nikamngoja. Alikuja na suruali ya kulalia, akala mkate wake wenye mafuta ya nguruwe na kitunguu, akakaa dirishani. Nilimwambia, mimi safari hii, "Olda, baridi imeingia, twende tukailaze." Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba, akasema, "Asante mama, mimi nimeshatulia hapa."

Jumamosi iliyopita Vendelín alikuja na vyombo vyake, hakusema lolote kuhusu kuuza. Alichonga tundu upya, akatia pete mpya ya chuma yenye hesi ndani yake, kazi ya nusu siku. Nilitaka kumpa kitu, akakubali bakuli la supu ya viazi na uyoga tu. Alikula akiwa amesimama. Aliporudisha bakuli macho yalikuwa mekundu. Usisahau hao wawili wamesafiri pamoja tangu mmoja akiwa na Jawa na mwingine na baiskeli.

Alipoondoka nikaona pikipiki imebaki wazi, plagi nje, betri bado ndani yake. Nikasema siwezi kuiacha hivi, theluji inazidi kuanguka. Nikavaa ovaroli ya Olda, nikakunja miguu yake mara tatu, nikafanya peke yangu. Kila kitu. Plagi nilianza kuzungusha kwa vidole, polepole, hadi niliposikia imekaa, ndipo nikashika spana. Sikuikosea. Ulikuwa ni wakati wa mimi kulia lakini sikulia, nilikuwa na kazi.

Nilipokuwa naukaza mkanda wa shuka nikahisi mtu. Olda alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, na ndara zake za ndani, juu ya theluji. Sijui alisimama muda gani. Akaingia. Akalifunua shuka kidogo, akapitisha mkono kwenye tangi, akainama akagusa mnyororo, akanusa kidole.

"Hii ya nani?" akauliza.

Ningeweza kumwambia ni yako. Nilimwangalia nikaona nitamtwisha mzigo asioujua.

"Ya Oldřich Kalina," nikasema.

Akafikiri kwa makini. "Simfahamu," akasema. "Ila ni mtu anayejali. Watu wengi hawapaki grisi upande wa ndani." Halafu akalirudisha shuka, akalivuta liwe sawa pande zote mbili. "Ukimwona mwambie asiiwashewashe katikati ya baridi. Aiache ilale."

"Nitamwambia," nikasema. Nikamshika mkono, tukarudi ndani, nikamwoshea miguu kwa maji ya moto.

Hivyo ndivyo ilivyo, wifi yangu. Pikipiki iko bandani, imelala, na sitaiuza. Radana amekubali, au amechoka kubishana. Itakapofika Aprili, Vendelín ataiwasha na kuizungusha kijijini mara moja, labda Olda akiisikia atanyanyua kichwa. Labda hatanyanyua.

Sasa nina ombi, na nalisema wazi kwa sababu adabu zote nimezimaliza. Uliandika kwamba mnafikiria kuja mwakani mwezi Agosti, wakati wa joto. Usingoje Agosti, Květa. Daktari hasemi tarehe, lakini mimi naiona kasi. Njoo Februari, njoo Machi, hata kama utalaani baridi yetu kila siku. Nitakupa koti langu la manyoya na kitanda kilicho karibu na jiko. Siwezi kukuahidi kwamba atakujua. Wewe ni bibi mwenye mvi sasa, na katika kichwa chake wewe una suka mbili. Lakini sauti yako labda. Mlikuwa na sauti moja nyinyi wawili, mama alikuwa hawatofautishi alipowaita jioni mkaitikia kutoka mtoni. Naogopa kulala nikijua sikukuomba kwa wakati.

Mpe shemeji Evžen salamu, mwambie uzio alioupaka rangi bado umesimama. Helena mbusu, na wale mapacha wake waambie bibi yao wa kwenye theluji anawatumia plamu zilizokaushwa, nusu kilo, wasizile zote siku moja. Vendelín anakusalimu na anasema bado unamdai dansi moja. Radana atakuandikia mwenyewe Krismasi. Mungu awalinde huko ng'ambo ya bahari zote hizo, awape mwaka wenye afya, na akufungulie njia ya kuja.

Olda amekaa hapa mkabala nami, anakunja na kukunjua kitambaa cha mezani. Nimemuuliza sasa hivi, neno kwa neno, "Namwandikia Květa. Una salamu gani kwake?" Amemaliza kwanza kukikunja kitambaa. Kisha amenijibu, na ninaandika kama alivyosema:

"Mwambie atoke mtoni arudi nyumbani. Kunakuwa baridi, na mimi siwezi kuingia ndani bila yeye."

Mimi wifi yako, mwenye kukupenda tangu ulipokuwa bado jirani,

Bohunka